HISTORIA YA BUSTANI ZETU: JINSI KINYUNGU KILIVYOPANDA KUTOKA BONDENI HADI UANI

Kikundi chetu hapa Iwawa kimefikisha miaka kumi. Kamati ya sherehe iliniomba niandike historia. Habari za hisa, mikopo na mgawo Katibu amekwisha kuziandika vizuri katika kurasa za mwanzo, na Mweka Hazina ameweka hesabu zake hadharani, kwa hiyo sitazirudia. Mimi nimechagua kuandika historia ya bustani. Sababu ni kwamba kila mgeni anayefika kwetu na kuona vile vizimba vya mabanzi vimejaa figili, karoti na vitunguu vya majani, swali lake la kwanza ni moja: "Nani aliwafundisha kitu hiki?" Na kabla hatujafungua mdomo anajijibu mwenyewe, eti bila shaka ni semina, bila shaka ni wafadhili.

Semina ilikuwepo, siikatai. Tulikaa siku mbili tukafundishwa kilimo cha kudumu, ambacho wataalamu wanakiita pamakacha. Jina hilo lilitungwa Australia na Bwana Bill Mollison pamoja na kijana aliyekuwa mwanafunzi, David Holmgren, na kitabu chao cha kwanza kilitoka mwaka 1978. Mwaka huo mimi nilikuwa mtoto mdogo, nabebeshwa kibuyu cha maji kumpelekea mama yangu bondeni, na mama yangu alikuwa anajenga bustani bila kumsubiri Bwana Mollison. Simdharau. Ninachosema ni kwamba historia yetu haianzii kwenye semina.

KINYUNGU

Watoto wetu waliozaliwa hapa mjini, na wageni kutoka pwani, huenda hawajui kinyungu ni nini, kwa hiyo wanachama watu wazima wanivumilie nieleze.

Kinyungu ni bustani ya bondeni, katika ardhi yenye majimaji, inayolimwa wakati wa kiangazi. Sisi watu wa nyanda za juu za kusini, Wakinga, Wabena, hata Wahehe kule Iringa, tumelima vinyungu tangu enzi za mabibi. Mama anashuka bondeni mvua zikiisha. Anafyeka nyasi na matete, anazilaza kwa mistari. Halafu anachimba mfereji huku na mfereji huku, udongo wote anautupa katikati juu ya zile nyasi mpaka linapatikana tuta pana, limeinuka kuliko maji. Hapo anapanda maharage, mahindi ya kuchoma, maboga, viazi, na mboga pembeni. Toka Juni hadi Novemba, wakati shamba la mlimani limelala na ghala linaanza kusikika mwangwi, kinyungu ndicho kinacholisha nyumba. Na fedha ya kinyungu, hii ndiyo naomba isisahaulike, mara nyingi ilikuwa fedha ya mama mwenyewe. Ya chumvi, ya mafuta ya taa, ya daftari la mtoto. Benki yetu ya kwanza ilikuwa na matope.

Sasa kitazame kinyungu kwa jicho la fundi. Mtu anayepita barabarani anaona matuta tu. Lakini lile ni jengo, lina msingi, lina mwili na lina njia za maji. Nyasi zilizofukiwa ndani zinaoza polepole na kuwa mbolea, tena zinatia joto kidogo kwenye mizizi, na joto katika nchi ya baridi kama Makete, ambako tunaishi zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, siyo kitu cha kudharau. Mfereji unatoa maji yaliyozidi, lakini hautoi yote. Yale yanayobaki chini yanapanda ndani ya tuta kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Kiangazi chote mama hamwagilii, au anamwagilia kidogo sana. Hakuna aliyetuandikia mchoro. Binti alijifunza kwa kusimama kwenye mfereji nyuma ya mama yake, tope likimfika magotini.

Wala siyo sisi peke yetu. Majirani zetu Wamatengo, kule Mbinga, wana ngoro zao ambazo watu wametoka hata Japani kuja kuzisoma. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 vita vya Wangoni viliwasukuma wakakimbilia milima yenye miteremko mikali, na mtu akilima hivi hivi kwenye mteremko ule, mvua ya kwanza inabeba shamba lote. Basi wakabuni mashimo. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzipanga kwa mistari inayokatana kama dirisha la nondo, halafu wanawake wanachimba udongo katikati ya kila chumba cha dirisha na kuzifukia zile nyasi. Mlima mzima unabaki umejaa mashimo, kila shimo linakamata maji yake, na mazao yanasimama juu ya kingo. Mnaona? Nyasi chini, udongo juu, maji yanaongozwa. Ni shangazi yake kinyungu, ila yeye anakaa mlimani.

MATUTA YA AMRI

Lakini historia ya matuta ina upande mwingine, na mimi naona ni lazima tuutaje, maana siku hizi kila anayekuja na chombo kipya cha kilimo anadhani watu wanaokataa ni wajinga.

Wakati wa Waingereza, serikali ya kikoloni iliona milima ya Uluguru, kule Morogoro, inamomonyoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaleta mpango wa kuwalazimisha watu kuchonga mlima kwa ngazi. Ngazi zinapendeza kwa macho, hata kwenye picha. Lakini kuchonga ngazi maana yake ni kukata mlima na kuutoa juu udongo mwekundu wa chini, usio na rutuba, na kuuzika ule mweusi mzuri. Watu walichimba siku nyingi, wakavuna kidogo kuliko zamani. Mwaka 1955 Waluguru walikataa. Ghasia zikatokea upande wa Matombo, polisi wakatumia risasi, mtu akafa, na mwishowe mpango ukaachwa.

Udongo wa Uluguru ulikuwa unamomonyoka kweli, hapo wakoloni hawakudanganya. Ila jembe lilikuwa la mtu mmoja na amri ya mtu mwingine. Katika kikundi chetu tulipoanza vizimba, kuna mwanachama alipendekeza tuweke faini kwa asiyejenga. Tulilijadili mpaka giza likaingia na pendekezo likaanguka. Faini ni ya kuchelewa mkutano. Bustani haina faini.

Mjini nako kulikuwa na mambo yake. Enzi za ukoloni, katika miji mingi ya Afrika Mashariki, mtu aliyepanda mahindi karibu na nyumba alikuwa mkosaji. Mahindi yalihesabiwa maficho ya mbu na wezi, na yalifyekwa. Mji ulikuwa mahali pa maua. Baada ya uhuru upepo ukageuka. Mwezi Mei 1972, TANU ilikutana palepale Iringa, mkoa ambao sisi tulikuwa ndani yake wakati ule, ikatoa tamko la Siasa ni Kilimo. Ukame wa 1973 na 1974 ukafuata, njaa ikabisha hodi, na wimbo wa nchi ukawa Kilimo cha Kufa na Kupona. Wafanyakazi wa ofisini nao wakaambiwa washike majembe. Mtu yuleyule aliyefyekewa mahindi sasa anaulizwa mbona hana shamba!

Mwaka 1992 zikatoka kanuni za kilimo cha mijini, zikamruhusu mtu kulima mjini kwa mpango, mwisho ekari tatu. Ekari tatu! Mama mwenye chumba na uani wa hatua nane anazisoma kanuni hizo kama hadithi ya watu wengine. Hata hivyo zilikuwa na faida yake, kwa sababu tangu hapo mchicha wa mjini haukuwa tena wa kujificha.

MIAKA YA MSIBA

Hapa naandika kwa uzito, na najua baadhi ya wasomaji watafunga kijitabu kidogo kabla ya kuendelea.

Makete yetu ilipita katika UKIMWI kama nyumba inavyopita katika moto. Kwa muda mrefu jina la wilaya likitajwa redioni lilifuatwa na neno yatima. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta watu wazima 14.8 kati ya kila 100 katika eneo la Njombe wanaishi na virusi, wakati wastani wa Tanzania Bara na Visiwani ulikuwa 5.1. Njombe ikawa ya kwanza nchini, katika kipindi kilekile ambacho ilitangazwa kuwa mkoa, mwaka 2012. Kuzaliwa kwa mkoa na habari hiyo vilikuja pamoja.

Sasa niulize swali la bustani. Kinyungu kinataka nani? Kinataka mtu mwenye nguvu za kusimama kwenye maji ya baridi toka asubuhi. Kinataka mtu anayeweza kushuka bonde na kupanda tena na mzigo kichwani. Nyumba iliyobaki na bibi wa miaka sabini na wajukuu wanne haina mtu huyo. Nyumba yenye mama anayemeza dawa na bado anapata nguvu zake kidogo kidogo haina mtu huyo. Na dawa zile zinataka chakula. Ukizimeza na tumbo tupu zinakusulubu. Kwa hiyo vinyungu vingi vilirudi kuwa matete, siyo kwa uvivu wa mtu.

Nje ya nchi yetu, watu wa Lesotho walikuwa katika shida kama hiyo. Lesotho ni nchi ya milima, mawe na baridi, ukiielezea Mkinga anadhani unamwambia habari za kwao. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikaenezwa bustani ya duara, imejengwa kwa mawe hadi kiunoni, upana kama hatua mbili, na upande mmoja imekatwa nafasi ya kuingilia ili mtu afike katikati. Ukiitazama toka juu inafanana na tundu la funguo, na jina lake ndilo hilo. Katikati kuna kapu la kutupia maganda na maji machafu ya jikoni, yanapenya mpaka kwenye udongo. Ilikusudiwa nyumba zenye wagonjwa, wazee na yatima: mtu analima amesimama, hainami, hatembei mbali. Kwa mawazo yangu, katika yote tuliyoonyeshwa kwenye semina, picha ya bustani hiyo ndiyo iliyotupata.

MITA SITINI

Kuna sababu nyingine iliyotutoa bondeni, nayo ni sheria. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi kule hifadhini, viboko wakabaki kwenye madimbwi, na nchi nzima ikaanza kuulizana maji ya Mtera yanakwenda wapi. Mito mingi inayoshuka Usangu na kuingia Ruaha inaanzia huku kwetu, katika safu ya Kipengere. Vidole vikaelekezwa juu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ikakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji.

Mita 60 kwenye uwanda wa Usangu ni ukanda mwembamba tu pembeni ya mto. Lakini mabonde ya Makete ni membamba kama mfereji wa bati. Pima mita 60 upande huu na mita 60 upande ule, umelimaliza bonde lote na umeanza kupanda kilima. Kwa hiyo sheria ambayo kwa wengine ilikata kipande cha shamba, kwa mama wa kinyungu ilikata shamba zima.

Mimi siipingi sheria hiyo, na nalisema hapa mbele ya viongozi wetu watakaosoma. Maji ni ya wote na chanzo kikikauka hata sisi tutakunywa nini. Nimeona mabonde yaliyochimbwa mifereji mirefu kupita kiasi hadi yakafa, na nimeona miti ya mikaratusi iliyopandwa bondeni na watu wenye uwezo, inafyonza maji mchana na usiku, na hakuna aliyepimiwa mita. Ninachotaka kiandikwe katika kijitabu hiki ni kwamba kulinda maji kulikuwa na gharama, na gharama hiyo kwa sehemu kubwa ililipwa na wanawake, kimyakimya, kwa kupoteza fedha yao ya chumvi. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zinasema mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanaume. Sawa. Lakini kinyungu hakikuwa na hati, kilikuwa na mazoea. Ukikipoteza huna cha kudai.

KIZIMBA

Ndiyo hali tuliyokuwa nayo kikundi kilipoanza, wengi wetu tukiwa tumepanga vyumba hapa mjini. Miaka miwili ya kwanza tuliweka hisa tu, na kila mkutano utasikia hisa ya fulani imekosekana. Tulipoulizana, jibu lilikuwa fedha inaishia gengeni. Mtu analima viazi mlimani, halafu ananunua fungu la figili la kila siku. Hapo ndipo habari ya bustani za uani ilipoingia kwenye ajenda, siyo kwa mapenzi ya maua.

Mawe ya Lesotho tuliyaacha, maana kuyabeba ni kazi na mwenye nyumba hataki rundo la mawe uani kwake. Sisi tuna mbao. Kila mwenye mashine ya kupasulia misonobari anabaki na mabanzi, yale magamba ya pembeni ambayo wengi wanachomea tofali au wanajengea mabanda ya nguruwe. Basi kizimba chetu kikawa cha mabanzi: nguzo nane fupi zimechimbiwa kwa duara, mabanzi yamepigiliwa kwa ndani ili udongo uyasukumie kwenye nguzo wala usiyang'oe, na upande mmoja nafasi ya kuingilia. Katikati limesimama tenga la mianzi. Mianzi ya ulanzi haijawahi kukosekana huku, na akina baba wasinune, tulichukua ile iliyokauka. Ndani, chini kabisa, matawi na magogo yaliyooza. Juu yake mabua na majani ya ngano. Halafu samadi, majivu ya jikoni kwa sababu udongo wetu ni mchachu, halafu udongo mweusi, na kurudia tena mpaka kijae.

Bibi mmoja, mwanachama wetu wa umri mkubwa kuliko wote, alikaa kwenye kigoda akitutazama tunavyotandika yale majani. Tulipomaliza akasema, "Hiki ni kinyungu, mmekiwekea kuta tu." Na ndivyo kilivyo. Nyasi chini, udongo juu, maji yanaongozwa.

Tena kuna jambo ambalo kizimba kinakishinda kinyungu, nalo ni baridi. Hewa ya baridi ni nzito, usiku inatiririka kama maji kushuka bondeni na kutuama huko. Ndiyo maana mwezi Juni na Julai umande unaganda bondeni kwanza, na asubuhi unakuta maharage yameungua kama yaliyomwagiwa maji ya moto, wakati ya juu kidogo yamesalimika. Kizimba cha uani kiko juu ya mkondo huo. Tukajifunza pia kukiweka upande wa kaskazini wa nyumba, kwa sababu miezi ya baridi jua letu linapita kaskazini, ukuta unaota joto mchana kutwa na usiku unalitoa polepole. Jioni tunapinda fito za mianzi juu yake na kufunika magunia makuukuu, asubuhi tunafunua. Ukichelewa kufunua mboga zinanyauka kwa kukosa jua, kwa hiyo kazi hiyo wanapewa watoto kabla ya kwenda shule.

Magunia nayo yana historia yake. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Kenya, mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, shirika la Kifaransa la Solidarités liliwasaidia watu wa Kibera, Nairobi, kupanda sukuma wiki kwenye magunia. Gunia limesimamishwa, katikati nguzo ya mawe ya kupitishia maji, pembeni matundu, na kila tundu lina mche. Mahali ambapo hata mlango unafungukia kwa jirani, gunia moja ni shamba. Na sisi wa nchi ya viazi, gunia halitushindi. Lakini Kibera siyo Makete. Gunia linapigwa na baridi pande zote, udongo wake unapoa mpaka katikati, na mche unasimama tu haukui. Tuliyaona yanafaa yakiegemezwa kwenye ukuta wa jiko, kwa vitunguu vya majani na chainizi, zaidi ya hapo ni kujichosha. Viroba vya unga (siyo vile viroba vingine vilivyopigwa marufuku Machi 2017!) vinapasuka kwa jua msimu mmoja au miwili, na vinaacha nyuzi za nailoni ndani ya udongo ambazo kuzitoa ni adhabu.

Ubunifu mwingine wanachama waliufanya wenyewe. Mmoja alipasua mianzi mikubwa nusu kwa nusu, akaitoboa chini na kuitundika ukutani kama ngazi, maji ya juu yanadondokea ya chini. Vitunguu vyake mnavijua. Mwingine alipanda spinachi kwenye toroli bovu. Watu walicheka. Halafu mwenye nyumba wake akamwambia ahame ndani ya wiki moja, na yeye akaondoka na bustani yake akiisukuma kwenye gurudumu lililobaki, wakati jirani yake aliyefukuzwa siku hiyohiyo aliacha kizimba kizima kimestawi, na mpangaji mpya akakila. Tangu hapo, anayepanga tunamshauri ajenge vidogo vinavyobebeka. Matairi chakavu toka Makambako sikuyapenda, nimeyapandia maua.

Na mafuta machafu ya gari kupaka mabanzi yasioze, hapana. Tunajua yanazuia kuoza, lakini yanaingia kwenye udongo na udongo unaingia tumboni. Banzi la msonobari acha lioze baada ya miaka miwili au mitatu, ubadilishe. Likioza ni mbolea.

Sasa niseme wazi kuhusu mavuno, maana katika sherehe watu hupenda kusifu. Kizimba kinatoa mboga. Kinatoa figili, karoti, kabichi chache, kinamwondolea mama lile fungu la gengeni, na hisa za wengi zimetulia kwa sababu hiyo. Daftari la Mweka Hazina lipo, mwenye kutaka atazame. Lakini hakitoi gunia la maharage. Kinyungu kilitoa. Anayesema kizimba kimechukua nafasi ya kinyungu, huyo hakuwahi kula kinyungu.

Kwa ajili hiyo kikundi kiliandika barua ya kuomba kipande cha ardhi cha kulimia pamoja, juu ya mstari wa mita 60, mahali ambapo tunaweza kuchimba mashimo kama ya Wamatengo na kukamata maji ya mvua bila kugusa chanzo. Barua ya kwanza ilijibiwa kwamba tulete muhtasari wa kikao. Tulipeleka. Ya pili ilijibiwa kwamba tulete katiba ya kikundi. Tulipeleka, na nakala tatu. Ya tatu, mpaka kijitabu hiki kinakwenda kuchapwa, haijajibiwa, na Katibu amekwisha kuandika ya nne.

Wakati tunasubiri, Juni inakaribia. Bibi yetu wa kigoda kizimba chake kimelegea upande wa jikoni na mabanzi matatu yameoza. Alhamisi ya kwanza baada ya sherehe tutakutana kwake saa mbili asubuhi. Mabanzi yapo, ameyatoa msamaria wa mashine ya mbao. Kila mmoja aje na misumari ya inchi tatu, na wale wanaokaa juu barabarani waje na samadi, kwa sababu ya bibi ilikwisha kwenye vitunguu.